Gavana wa Kentucky Hatajwi Jina

Nimeishi Johannesburg miaka mingi kuliko niliyoishi Tanga, lakini mtu akiniuliza ni mahali gani duniani ninapopajua vizuri, nitamjibu kwamba ni Kentucky. Sijawahi kufika huko. Sijawahi hata kuomba viza ya huko, na kwa hali ya siku hizi sioni kwa nini nijitafutie aibu. Ila najua kwamba makao makuu yake ni Frankfort, mji mdogo wa kando ya mto, wala si Louisville ulio mkubwa. Najua kwamba mashariki ni milima yenye makaa ya mawe, katikati ni nyasi na farasi, na magharibi kabisa, pale mto Mississippi ulipojikunja, kuna kipande cha jimbo kilichobaki peke yake, ambacho ukitaka kukifikia kwa gari lazima kwanza utoke Kentucky, uingie jimbo la jirani, ndipo urudi Kentucky. Haya yote niliyapata kwa simu, Jumanne baada ya Jumanne, nimekaa kitandani kwenye chumba cha uani huko Bertrams, jirani na uwanja wa mpira.

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Daktari wa Marekani ana mgonjwa asiyejua Kiingereza. Anabonyeza namba, simu inazunguka dunia mpaka inaniangukia mimi. Kazini sina jina, nina namba. Sheria ni chache ila kali: usiongeze neno, usipunguze neno, usijibu usiloulizwa. Na mtu akisema "mimi," nawe useme "mimi." Mama akisema mgongo unamuuma, mimi nasema kwa Kiingereza kwamba mgongo unaniuma. Daktari akisema samahani, sina habari njema, nami nasema samahani, sina habari njema. Kuna siku saa tisa alasiri nina mimba, saa kumi nafukuzwa kwenye nyumba, na kabla ya magharibi nimekuwa hakimu. Nikiwa na langu mwenyewe la kusema, labda laini inakwaruza, natakiwa nijitaje kama mtu wa pembeni: "Mkalimani anaomba urudie." Huyo mkalimani ndiye mimi, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuwa na la kusema zaidi ya kuomba watu warudie.

Nisijifanye mtu wa kuonewa huruma, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke, tena upweke wa kuudhi, ule unaomfanya mtu agombane na birika. Mke wangu tuliachana kwa amani, jambo ambalo ni baya kuliko kuachana kwa ugomvi kwa sababu hubaki na wa kumlaumu. Binti yangu yuko Durban na kazi yake. Kiswahili anakielewa kama watu wanavyoelewa robot, yaani taa za barabarani: anajua wakati wa kusimama na wakati wa kwenda, basi. Namsemesha, ananijibu kwa Kiingereza, na akiwa na haraka ananijibu kwa Kizulu. Kwenye teksi nilishazoea kufunga mdomo. Tangu watu walipoanza kusimama kwenye milango ya zahanati wakiuliza wageni vitambulisho, nikipokea simu ndani ya teksi nasema "sharp, sharp" kama wenyeji, halafu nakata, wenzangu wasisikie natoka wapi. Kwa hiyo Kiswahili changu kwa siku nzima kilikuwa maneno ya watu wengine, niliyokuwa nayasema chumbani, mlango umefungwa.

Siku ya kwanza ya Kentucky, simu ilitoka kwenye maktaba ya mji mmoja kusini mwa jimbo. Aliyepiga alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mama Mzungu mwenye sauti ya kuvuta maneno taratibu. Alikuwa anajitolea kufundisha wageni masomo ya uraia, na mbele yake alikaa mwanafunzi mmoja tu, mama mzee wa Kirundi aliyekulia ukimbizini Kigoma. Sheria ya huko inawaruhusu wazee waliokaa muda mrefu wafanye mtihani wa uraia kwa lugha yao. Mwalimu akaanza moja kwa moja: "Tuanze na matawi matatu ya serikali." Nikageuza kwa Kiswahili. Kimya. Akarudia, nikarudia. Kimya. Mwalimu akaniuliza kama laini imekatika.

Nilijua kabisa tatizo ni nini, na nilijua pia sheria inasemaje. Nikaivunja. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa amesimamishwa nje na sasa kafunguliwa mlango. "Habari za huko? Mmeamkaje? Nilidhani ni mashine."

Nikamwambia mwalimu: mkalimani amemsalimia mwanafunzi kwa heshima ya kwao, kwani hawezi kuanza kujibu mtu ambaye hajamsalimia. Nilitegemea anishitaki. Badala yake akacheka na kusema hata kwa bibi yake mlimani ilikuwa hivyo hivyo, ukiingia na shida yako kabla ya salamu unarudishwa uanze upya. Kuanzia siku hiyo akaiomba kampuni impe namba yangu kila Jumanne, na somo likawa linaanza kwa shikamoo. Naye mwalimu alijifunza kuitamka, vibaya sana, na mama akawa anaiitikia kwa adabu zote.

Kilichomleta mama pale alikieleza mwenyewe, na mimi nikakieleza kwa "mimi," kama sheria inavyotaka. Nina binti. Wakati majina yetu yanaitwa kambini tusafirishwe Marekani, binti yangu alikuwa ameshaolewa na Muha wa Kasulu, akabaki. Amezaa watoto nisiowajua. Sasa anaumwa miguu, hatembei. Nataka nimwone kabla mmoja wetu hajaondoka. Watu wananiambia naweza kwenda hata na karatasi nilizonazo, lakini mimi nimeshafungiwa milango mara mbili katika maisha yangu, sitoki tena nje ya nchi ya watu bila pasi ya nchi hiyo mkononi. Na pasi haiji bila uraia, na uraia hauji bila mtihani.

Mtihani alikuwa ameshaufanya mara moja, akafeli. Ombi moja linaruhusu kujaribu mara mbili. Ya pili ilikuwa inakuja.

Mwalimu hakuelewa alifelije, kwa sababu mama alikuwa na akili kama wembe. Ukimwambia jambo leo, wiki ijayo anakurudishia na nyongeza. Jumanne mbili tatu baadaye ndipo sababu ikajitokeza. Mwalimu alimuuliza swali jepesi kuliko yote: "Gavana wa jimbo lako ni nani?" Mama akanyamaza. Akamuuliza tena. Akanyamaza. Nilikuwa nasikia saa ya ukutani ya maktaba, iliyoko ng'ambo ya bahari, ikigonga katika sikio langu Bertrams.

Mwishowe akasema polepole, "Mwambie namjua. Lakini mkubwa hatajwi jina mbele ya ofisa."

Mwalimu akauliza kwa nini, na mama akaeleza. Mwaka wa sabini na mbili, kwao Burundi, walikuja watu na mkubwa wao mmoja amekaa nyuma ya meza. Wakawa wanauliza wanaume maswali mepesi. Mkuu wenu nani? Mwalimu wenu nani? Chama chako nani anakiongoza? Aliyetaja jina hili akapelekwa huku, aliyetaja lile akapelekwa huku, na pande zote mbili zilikuwa lori lile lile. Baba yangu alijibu, akasema mama, nami nikasema kwa Kiingereza, baba yangu alijibu. Mimi walipofika kwangu nilinyamaza, ndiyo maana mnaniona hapa.

Kwenye mtihani wa kwanza, ofisa aliyekaa nyuma ya meza alianza na swali hilo hilo la gavana. Mama akanyamaza, na alipokwisha kunyamaza kwa la kwanza akashindwa kufungua mdomo kwa yaliyofuata yote, hata aliyoyajua usingizini.

Nikasikia mwalimu anafunga kitabu. Halafu akasema, "Basi tutamwacha gavana kwanza. Tusome jimbo."

Tukasoma jimbo. Mtihani wenyewe haukuhitaji hata robo yake, lakini mwalimu alikuwa amefundisha historia ya Kentucky maisha yake yote, na hakuwa amepata msikilizaji wa namna ile kwa miaka. Akaeleza jinsi jimbo lilivyogawanywa katika wilaya nyingi mno, ndogo ndogo, kwa sababu, kama wazee wa huko wanavyosimulia, kila mtu alitakiwa aweze kwenda mahakamani na farasi wake na kurudi siku hiyo hiyo. Akaeleza habari ya pombe, kwamba ndilo jimbo linalotengeneza wiski ya kusifika duniani, na bado zimo wilaya ambazo ukiuza chupa unakamatwa. Hapo nilitamani kusema neno, maana mimi ni mtu wa Tanga na mambo ya kukataza kwa mkono mmoja na kumimina kwa mwingine nayafahamu, lakini mkalimani hana Tanga.

Kila alichosikia, mama alikuwa na swali. Alipoambiwa kwamba ardhi ya magharibi ilinunuliwa kutoka kwa Wachickasaw, wenyeji wa kale, akauliza, "Na wenyewe wako wapi?" Mwalimu akajibu kwamba walisukumwa mbali, ng'ambo ya Mississippi. "Basi hawakuuza," akasema mama, na mwalimu akakubali kwamba labda hawakuuza. Alipoambiwa kuhusu mabanda ya tumbaku yanayofuka moshi msimu wa kukausha, akafurahi, maana tumbaku wamelima, akataka kujua nani analipwa na nani anakohoa. Alipoambiwa kwamba makao makuu hayako kwenye mji mkubwa, akasema hilo ni la kawaida, wakubwa hawapendi kukaa karibu na kelele za watu. Nikamkumbuka Rais wetu na Dodoma, nikakumbuka kwamba Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu na hakuna hata mmoja ninaokaa mimi. Nikanyamaza na kufasiri.

Somo la mto ndilo nisiloweza kulisahau. Kaskazini mwa Kentucky unapita mto Ohio, na zamani za utumwa ng'ambo yake ilikuwa nchi huru. Watumwa walikuwa wanauvuka usiku, wengine kwa mitumbwi ya wizi, wengine wakati wa baridi kali mto ukiganda. Kisha mwalimu akaongeza jambo ambalo hata yeye lilimchukiza: kwa mujibu wa mipaka, mto wenyewe ni mali ya Kentucky, karibu mpaka ukingo wa pili. Kwa hiyo mtumwa aliyekuwa majini, hata akiwa amebakiza mapigo machache ya kasia, bado alikuwa mtumwa.

Mama akasema, "Malagarasi nao ni hivyo. Mpaka mguu ukanyage tope la upande wa pili, wewe bado ni wao."

Akaeleza walivyouvuka kukimbilia Tanzania. Mama yake mbele, yeye nyuma na mdogo wake mgongoni, maji ya kifua. Nikasema yote: maji yako kifuani mwangu, mdogo wangu ananishika shingo, mama yangu haangalii nyuma. Mwalimu alikuwa analia na mimi nilikuwa nasoma ukutani tangazo la kanisa moja la mjini lililobandikwa na mpangaji aliyenitangulia, ili kilio kisinitoke. Simu ilipokatika nilitoka kwenda spaza, duka dogo la mtaani, kununua mkate. Nilisimama kwenye robot ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, ikawaka kijani tena, nami nimesimama. Nilikuwa na uzito wa mtoto mgongoni ambaye hakuwa wangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mwalimu akaendelea na vita. Akasema wakati nchi inagawanyika, Kentucky ilitangaza kwamba haina upande. Marais wote wawili waliopigana vile vita, wa kaskazini na wa kusini, walizaliwa Kentucky. Pande zote mbili ziliweka nyota ya Kentucky kwenye bendera zao, na ndugu wa tumbo moja wakaenda kupigana. Utumwa ulipokuja kufutwa kwa katiba ya nchi nzima, jimbo lilikataa kuunga mkono, likaja kukubali zaidi ya miaka mia baadaye, wakati hakuna tena mtu wa kumfungua. "Kusema huna upande," akasema mama, "ni kusubiri uone nani anashinda." Mwalimu akauliza kama anaweza kuliandika hilo ubaoni.

Kuna Jumanne moja uwanja wa jirani ulikuwa na mechi, watu wameanza kumiminika mapema na mavuvuzela yao, na mimi nimejaza nguo chini ya mlango lakini wapi. Nikaomba radhi: mkalimani anaomba radhi kwa kelele. Mama akasema, "Mwache. Leo angalau nasikia watu kwake. Siku zote huko kumenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu." Nikalifasiri hilo kwa mwalimu kwa sauti ya kawaida kabisa. Sikujua kwamba alikuwa ananisikiliza na mimi. Usiku ule nilipika chakula kingi kuliko ninachoweza kula, sijui kwa nini.

Tarehe ya mtihani ilipokaribia, mwalimu akamrudia gavana. Alijaribu kila njia. Alimwonyesha magazeti yanayomsema vibaya. Akamweleza kwamba gavana ni wa chama kimoja na bunge la jimbo limeshikwa na chama kingine, na kila anachokataa kutia sahihi, wabunge wanakipiga kura tena na kukipitisha mbele ya macho yake. "Na hawajafungwa?" aliuliza mama. Hawajafungwa. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe alimpigia kura huyo gavana, na kaka yake anamtukana huyo huyo gavana kila wakikaa mezani, na bado wanapeana viazi. Mama akasikiliza yote, akashukuru, akanyamaza.

Basi mwalimu akaleta video. Magharibi mwa jimbo, kila mwaka wakati wa joto, kuna parokia ndogo inayofanya karamu ya nyama ya kuchoma, na wanasiasa wote wakubwa hualikwa jukwaani kuhutubia. Wananchi nao wanaruhusiwa kuwazomea, tena ndiyo raha yenyewe: upande huu wanazomea wa chama kile, upande ule wanazomea wa chama hiki, wamevaa fulana za rangi na wanapiga makelele mtu asisikike. Ilikuwa video ya mwaka ambao gavana alipanda jukwaani. "Tafadhali," mwalimu akaniambia, "fasiri kila kitu unachosikia."

Sheria ni sheria. Nikavuta pumzi na nikaanza. "Rudi nyumbani! Mwongo! Huoni haya? Miaka minne mingine! Shuka! Shuka jukwaani!" Na kwa kuwa mkalimani hatakiwi kupoza sauti ya msemaji, nilipaza. Nilimzomea gavana wa Kentucky kwa Kiswahili cha Tanga mpaka koo likauma, nikamwita majina ambayo sikuwahi kumwita hata mwenye nyumba. Jirani yangu, mama fundi cherehani kutoka Bukavu, akagonga ukuta. "Papa, eh! Uko nagombana na nani? Niite batu?"

Ikabidi nimweleze mwalimu: mkalimani anaomba radhi, jirani anauliza kama aite watu. Mwalimu akafa kwa kicheko. Mama naye nikamsikia anacheka, kwanza puani, halafu kwa mdomo wazi, kicheko cha msichana.

Alipotulia akauliza, "Hao wanaozomea. Kesho yake wako wapi?"

"Nyumbani," mwalimu akajibu, nami nikasema. "Wanaumwa tumbo kwa kula nyama nyingi."

"Wote?"

"Wote."

"Na hakuna lori?"

"Hakuna lori."

Mama akavuta pumzi. Halafu akalitaja jina la gavana wa Kentucky, lake na la baba yake, kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka. Nikafungua mdomo kufasiri, nikagundua kwamba hakuna cha kufasiri. Mwalimu alikuwa ameshamsikia. Ukiondoa marahaba, likawa neno la kwanza lililotoka kwa yule mama likafika kwa yule mwalimu bila kupita kwangu, na nilifurahi, wallahi nilifurahi, na hapo hapo nikaona jinsi chumba changu kilivyo kidogo.

Sitadanganya. Nilitaka afaulu, nilimwombea kwenye kila sala. Nilijua pia kwamba akifaulu hakuna tena Jumanne. Mambo yote mawili nilikuwa nayo kifuani kwa pamoja na hayakugombana, yalikaa tu kama wapangaji wawili wasiosemeshana. Mtihani ulikuwa Louisville na wakalimani wao wenyewe, kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa kwenye simu na mtu wa Texas aliyepoteza mzigo. Wiki nzima sikujua kitu. Hairuhusiwi kuuliza. Nilikwenda sokoni Yeoville kununua dagaa ambao sikuwa na hamu nao, nikasimama muda mrefu kuliko lazima karibu na watu waliokuwa wanaongea Kiswahili cha Kongo, nikisikiliza wanavyobishana bei ya sombe, kisamvu chao.

Jumanne ikafika, na simu ikalia saa yake ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshinda."

Alisimulia. Ofisa alikuwa kijana, amekaa nyuma ya meza, hakusalimia. Mama akamsalimia yeye, kwa Kiswahili, akakaa kimya mpaka mkalimani wa pale alipoigeuza salamu na kijana akaiitikia. Swali la gavana likaja katikati. "Nikamtaja," akasema. "Kwa nguvu. Kijana akashtuka." Mwalimu alikuwa ameleta keki, nilisikia sahani. Walikuwa wanakula na mimi nilikuwa nafasiri kwamba keki ni tamu. Tikiti ya kwenda Kigoma wanawe waliosafiri naye wanachangishana, ikishapatikana pasi anaondoka. Mwalimu akasema atakumbuka masomo haya maisha yake yote, nikasema nitakumbuka masomo haya maisha yangu yote. Kisha akasema muda wa maktaba unakwisha, na je, mama ana neno la mwisho?

Mama alishukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu, akaishukuru Kentucky pamoja na vilima vyake. Halafu sauti yake ikasogea, kama mtu aliyeinama juu ya simu pale mezani.

"Na wewe mwanangu, huko uliko, una nani?"

Nilijua anamuuliza nani. Ningeweza kusema mkalimani ameulizwa swali la binafsi na haruhusiwi kujibu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini kila kinachosemwa kinafasiriwa, nikashika sheria ile iliyokuwa karibu. Nikasema kwa Kiingereza: na wewe mwanangu, huko uliko, una nani?

Mwalimu aliweka uma kwenye sahani. Akadhani ameulizwa yeye. Aliishi peke yake nje ya mji, kwenye nyumba ya shamba, hilo aliwahi kuligusia mara moja na kulipita. Alipojibu, ile sauti ya darasani haikuwepo.

Na mimi nikafasiri. "Sina mtu," nikasema. "Nilikuwa naye. Watoto wako mbali, wana maisha yao, wanapiga simu sikukuu. Jumanne ndiyo siku niliyokuwa naingojea."

Nililisema lote bila kuongeza neno na bila kupunguza. Sauti ilinikatika pale kwenye sikukuu, nikaimalizia hivyo hivyo. Muda wote ule nilikuwa nadhani mpweke kwenye ile simu ni mmoja.

"Pole, mwanangu," akasema mama. "Tafuta mtu. Hata wa kugombana naye."

Nikaligeuza kwa Kiingereza. Mwalimu akacheka, akapenga kamasi, akasema mwambie nitajaribu.

"Nitajaribu, mama," nikasema. Lile "mama" mwalimu hakulisema.